Kabla ya kuchagua maua, gonga ukuta

*Shikamoo Fundi. Tumekubaliana ndugu wote kuipamba upya nyumba ya wazazi. Ni nyumba ya zamani, kuta nene za chokaa, dari iko juu, na mama bado anaishi humo. Mimi nimekabidhiwa sebule na nataka kubandika wolpepa kwa mikono yangu. Dada anataka maua makubwa kwenye kijani kilichokoza. Mama anataka mistari ya wima kama ile iliyokuwapo tukiwa wadogo. Kuta zina karatasi kuukuu, tabaka juu ya tabaka, na ukuta mmoja una doa la rangi ya chai kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Chumba ni mita 5 kwa 4, kimo cha kuta ni mita 3.2. Naweza kubandika juu ya ile ya zamani? Ninunue roli ngapi? Nianzie wapi? – Kitindamimba*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza matatu na kulitaja la nne kwa kupita tu, nalo ndilo la kwanza: doa la goti. Ukiliacha, hayo mengine yote ni kazi bure.

Doa linaloanza chini na kupanda ni maji yanayonyonywa na ukuta kutoka ardhini, au yanayoingia karibu na hapo. Toka nje ulitazame eneo hilohilo kwa upande wa pili. Mara nyingi utakuta udongo umerundikana ukutani, au bomba la mvua linamwaga maji palepale mguuni pa nyumba. Kisha rudi ndani ufanye jaribio moja. Bandua karatasi kuukuu sehemu hiyo, chukua kipande cha nailoni chenye upana wa gazeti lililokunjuliwa, kibandike na uzibe kingo zote nne kwa gundi ya tepu, ukiache siku mbili. Matone yakitokea nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe una maji. Yakitokea mbele, upande wa chumba, ni hewa ya chumba iliyo nzito, na dawa yake ni madirisha.

Ikiwa ni ukuta, tengeneza chanzo kwanza, halafu uuache ukauke. Ukuta mnene wa chokaa haukauki kwa wiki; ni miezi. Najua hutaki kulisikia hilo. Wakati unasubiri, bandika kuta nyingine kichwani tu.

Na hapa nitamuudhi muuzaji wako. Atakusifia vinaili kwa sababu inafutika kwa kitambaa, na ni kweli inafutika. Lakini vinaili ni ngozi ya plastiki. Kuta za chokaa hupitisha unyevu kidogo kidogo kuja chumbani na kukauka. Ukizifunika kwa plastiki, unyevu unabaki nyuma, kuvu inaota hapo gizani, na wewe utaipata kwa pua kabla ya macho. Vinaili iende jikoni, kwenye ukuta uliothibitika kuwa mkavu. Sebule ya nyumba kama yenu nunua karatasi inayopumua.

Sasa swali lako la kwanza: hapana, usibandike juu ya ya zamani. Gundi mbichi inalowesha gundi kuukuu iliyo chini, tabaka zote zinalegea pamoja, na siku moja karatasi ya ukuta mzima inabanduka. Hata isipobanduka, mishono ya zamani itaonekana chini ya mpya kama mbavu. Ibandue. Ikwaruze juu juu ili maji yapenye, lowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, subiri dakika 10 au 15, kisha ingia na skrepa pana ukiilaza. Ukiisimamisha inachimba plasta. Karatasi ikigoma, lowesha tena badala ya kuongeza nguvu.

Ukikuta rangi ya mafuta chini yake, usiipige msasa mkavu. Nyumba za zamani nyingi zilipakwa rangi zenye madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, lakini zile zilizokwisha kupakwa bado zipo kutani hadi leo. Kuna vipimo vidogo vya kuchunguza risasi. Pima, na ikiwapo mwite mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Ukuta ukishakuwa mtupu, ugonge. Tumia vifundo vya vidole, shubiri baada ya shubiri, na usikilize. Plasta iliyoshika inajibu kwa sauti nzito, fupi. Iliyoachana na ukuta inalia tupu kama debe. Zungushia penseli kila penye sauti ya debe, maana hapo pataanguka karatasi ikikauka na kuvuta. Penseli, si kalamu ya wino: wino hupenya karatasi na kujitokeza juu baada ya muda. Bomoa palipoachana, ziba kwa plasta ya aina ileile ya chokaa, piga msasa laini, kisha paka ukuta wote gundi iliyozimuliwa kwa maji. Wengi huiruka hatua hii. Bila hiyo, plasta kavu inanyonya gundi papo hapo na kipande kinaganda kabla hujakisogeza mahali pake. Ukishaipaka, kipande kinateleza na unakirekebisha kwa viganja.

Tuje kwenye ugomvi wa familia. Mama apewe heshima yake yote, lakini mistari asipewe. Nyumba ya umri huo imeshakaa: kona hazisimami wima, dari imeinama upande mmoja. Mstari ulionyooka ukiwekwa kando ya kona iliyopinda unaisema kona hiyo kwa kila mgeni. Maua makubwa ya dada yanasitiri zaidi, ila utaona ua limekatwa shingo pale dari inaposhuka. Ushauri wangu ni majani yanayotambaa kwenda juu. Mama anapata kitu kinachopanda kama mistari yake ya zamani, dada anapata kijani chake, na hakuna ukingo wa rula wa kukuumbua. Chagua isiyong'aa, inayong'aa huonyesha kila kibonde cha plasta taa ya ukutani ikiwashwa. Omba sampuli kubwa, ibandike kwa pini, uitazame asubuhi, mchana na usiku. Kijani kilichokoza hugeuka cheusi kabisa chini ya taa hafifu.

Roli. Za kawaida zina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05. Mzunguko wa chumba chako ni mita 18. Gawanya kwa 0.53 upate vipande 34 vya kutoka juu hadi chini. Milango na madirisha usiyatoe, yatakufidia makosa. Kila kipande ni mita 3.2 na sentimita 10 za kukata juu na chini, yaani 3.3. Karatasi isiyo na mrudio, yaani isiyo na picha inayojirudia kwa kipimo, inakupa vipande vitatu kwa roli, kwa hiyo roli 12. Lakini lebo ikisema ua linajirudia kila sentimita 64, huwezi kuanza kipande kinachofuata popote. Mrudio mara tano ni 3.2, haukutoshi, kwa hiyo unahesabu mara sita, 3.84. Roli inatoa vipande viwili tu, na chumba kilekile sasa kinataka roli 17. Soma mrudio kabla hujaipenda karatasi. Ongeza roli moja ya akiba, na hakikisha zote zina namba moja ya toleo, kwa sababu toleo lingine linaweza kutofautiana rangi kidogo, na ukutani hiyo "kidogo" hujificha dukani tu.

Wapi uanzie: karibu na dirisha kubwa, ukienda mbali na mwanga, ili mshono ukipandana kidogo usipige kivuli. Panga umalizie kona ya nyuma ya mlango, kwa kuwa kipande cha mwisho hakitakutana vizuri na cha kwanza. Hilo halikwepeki, unachagua tu pa kulificha. Kipande cha kwanza kifuate timazi, ule uzi wenye kitu kizito chini unaoonyesha wima, si kona wala fremu ya dirisha.

Kama ni karatasi ya kawaida inayopakwa gundi yenyewe, ikunje gundi kwa gundi na uiache inywe kwa muda uleule kila kipande, kama lebo inavyosema. Karatasi ikilowa hutanuka kwa upana. Kimoja kikikaa dakika 5 na kingine 12, havitakuwa na upana mmoja, na maua yatapishana. Aina ya kupaka gundi ukutani haina shida hiyo kwani haitanuki. Kwa mtu anayeanza ndiyo ningeichagua.

Kwenye kona ya ndani usizungushe kipande kizima. Pima kutoka ukingo wa kipande cha mwisho hadi konani: juu, katikati na chini. Vipimo havitalingana. Chukua kikubwa kuliko vyote, ongeza sentimita moja na nusu, kata kwa urefu, na huo upindo uuache ulalie ukuta wa pili. Kisha shusha timazi upya kwenye ukuta huo, piga mstari wa penseli, na salio la kipande lifuate mstari, likiupanda ule upindo. Majani yatapishana kidogo. Hakuna atakayeona, isipokuwa wewe.

*Fundi, nimebandika jana, leo ukuta umejaa malengelenge. Nibandue? – Mwenye Haraka*

Usiguse. Karatasi ikikauka hujivuta, na mengi yatalala yenyewe. Zima feni na ufunge madirisha. Ikikaushwa kwa kasi, mishono inaachana. Lengelenge litakalobaki baada ya ukuta kukauka kabisa, litoboe kwa sindano ya bomba, sukuma gundi kidogo ndani, ubonyeze kwa sponji yenye unyevu. Gundi iliyotoka ifute hapohapo, ikikauka inang'aa daima.

*Naomba kujua namna ya kupita kwenye swichi. Mume wangu anasema nikate tu kuzunguka kifuniko. – Mama Wawili*

Shemeji anataka kumaliza mapema. Ukikata kuzunguka kifuniko, utabaki na pengo jembamba linalokusanya uchafu. Zima umeme kwenye swichi kuu, si ile ya chumba. Acha kipande kishuke juu ya kifuniko, kata alama ya msalaba kutoka katikati kwenda pembe nne, legeza skrubu, punguza masikio uache milimita chache, yaingize nyuma ya kifuniko, kaza. Usirudishe umeme hadi gundi ikauke. Na kama karatasi yako ina foili, hapo shemeji yuko sahihi: ikate usawa wa kifuniko, isiingie nyuma hata kidogo, maana foili inapitisha umeme.