Jibu: boksi la pedali ya fazi na rangi yake

Kaka uliyeuliza kama pedali ya fazi, ile ya kukanyaga inayokwaruza sauti ya gitaa, inaweza kukaa kwenye kopo la plastiki na rangi isibanduke, plastiki achana nayo, inaruhusu kelele za umeme ziingie, amplifaya inaunguruma kabla hujagusa hata uzi. Tafuta boksi la aluminiamu au hata kopo la bati la biskuti, cha muhimu liwe chuma na waya wa graundi (ule wa hasi wa saketi) uguse chuma cha boksi lenyewe. Transista, vile vidude vya ndani vinavyokuza sauti, chukua za silikoni kama 2N3904, zile za jamaniamu za miaka ya 1960 sauti yake tamu kweli ila joto likipanda zinayumba, na mchana wa Mwanza unaujua mwenyewe.

Sasa rangi, hapa ndo wengi wanafanya haraka. Toboa matundu yote kwanza, piga msasa, futa na spiriti mafuta ya vidole yatoke, halafu puliza nyembamba nyembamba usimwage yote kwa mkupuo. Michoro fanya kwa mkono bana, sangara au jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapo Mwanza, inapendeza kuliko stika yoyote. Vanishi mwisho, ila rangi iwe imekauka hadi ndani, la sivyo inakunjamana yote.