Nimedungwa sindano ya kupanga uzazi kwa siri: je, nimeua?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina watoto 5, wa mwisho ana miezi 7 na ameanza uji. Nilisoma hadi kidato cha nne. Mume hataki kusikia habari ya kupanga uzazi. Ustadhi wa darsa letu husema wanawake waliosoma ndio walioleta balaa hili, kwamba ni kuua watoto, na anayetaka kupumzika anyonyeshe tu. Nikadungwa sindano kwa siri. Damu imetoka siku 22 na sala nimeacha. Ada yangu ya hedhi ni siku 6.

JIBU: Wa alaykumu-s-salaam. Dada yangu, kabla ya sindano, sala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, hedhi haipiti siku 15. Damu yako imevuka, na kama huwezi kupambanua nzito na nyepesi, unarudi kwenye ada: siku 6 za mwanzo hedhi, 16 zilizofuata istihadha, yaani damu isiyo hedhi na isiyozuia sala. Sindano hii yajulikana kwa kuvuruga damu, hasa miezi ya mwanzo. Oga leo. Kila wakati wa sala ukiingia, jisafishe, weka pedi safi, tawadha, usali papo hapo. Udhu mmoja kwa faradhi moja. Sala za siku 16 uzilipe. Damu ikilowesha pedi nzima kwa saa moja, usingoje fatwa, nenda kliniki.

Ustadhi ameshika Aya ya 31 ya Suratul Israai, inayokataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara. Hao ni watoto waliokwishapatikana. Sindano huzuia yai lisipevuke. Aliyeuawa hapo ni nani? Jabir (r.a.) amesema walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje ili kuzuia mimba, huku Qur'ani ikiteremka; wameipokea Bukhari na Muslim. Ipo hadithi ya swahaba wa kike Judama kwa Muslim iliyoiita azli kuzika kwa siri, sikatai. Lakini kwa Abu Daud, Mayahudi walipodai ni uuaji mdogo, Mtume (s.a.w.) alisema wamesema uongo. Wanazuoni wengi wakaziunganisha: ni karaha, yaani kuiacha ni bora, si haramu. Ghazali, Mshafi mwenzetu, aliiruhusu hata kwa kuchelea hatari ya uzazi. Na Majmaa ya Fiqhi, baraza la kimataifa la wanazuoni, iliyokaa Kuwait mwaka 1988 ilikataza kufunga kizazi ila kwa dharura, ikaruhusu kuzuia mimba kwa muda, kwa haja, pasipo madhara na kwa maridhiano ya wanandoa.

Kuhusu elimu, amechanganya mambo. Kweli, utafiti wa afya wa Kenya wa 2022 ulionyesha asiyesoma huzaa wastani wa watoto 6.3, na aliyepita sekondari 2.8. Lakini haja ya kupumzika haikutoka darasani. Bibi zetu wasiojua alifu kwa kijiti nao walitaka kupishanisha watoto, na wapo akina mama wasiosoma ambao, wakifika watoto wanne watano, huulizia kliniki. Aliyesoma, shule imempa uwezo wa kusoma kadi yake ya kliniki, kuuliza madhara na kukumbuka tarehe ya kurudi. Hilo ni kosa gani?

Na huko kuambiwa "nyonyesha tu" ndiko kutakakokupa mimba ya sita. Kunyonyesha hukinga miezi 6 ya kwanza, mtoto akiishi kwa ziwa peke yake mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Wako anakula uji.

Siri ndiyo nisiyoikubali. Uzazi ni haki ya wawili. Hukuua, ila una deni la kumwambia mumeo. Mwende kliniki pamoja, aulize mwenyewe. Naye asiifanye "oeni wenye kuzaa sana" kuwa rungu: hadithi imehimiza wingi, haikusema kila mwaka mmoja, na Qur'ani (2:233) imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Akichelea dawa, kuna mipira ya kondomu, ndiyo azli ya leo. Koili ya shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya kizazi, haina homoni, lakini huzidisha hedhi miezi ya mwanzo, na wewe damu imekuchosha. Sindano hudumu miezi 3, ila ukiiacha mimba yaweza kuchelewa karibu mwaka. Mwambie hilo mapema, asije akadhani umefunga kizazi.

Wallahu aalam.