Maswali ya Wasomaji: Usajili wa Walimu, Nidhamu na Kazi ya Wakili wa Serikali

Nimekuwa wakili wa serikali kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya majalada yaliyopita mezani pangu yamehusu shule na walimu. Tangu nirudi nyumbani Amu, yaani Lamu, pwani ya Kenya, maswali hunifikia barazani, msikitini na hata ndani ya mashua ya kwenda Mokowe. Leo nayajibu matano.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sheria kutoka Langoni. Natamani kuwa wakili wa serikali katika masuala ya elimu. Nianzie wapi, na kazi yenyewe ni ipi?

Mwanangu, mwanzo wa safari ni ule ule wa mawakili wote: shahada ya sheria, mafunzo ya uwakili Nairobi, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, kisha kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Baada ya hapo kuna milango mitatu. Wa kwanza ni Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ambaye kwa kifungu cha 156 cha Katiba ya 2010 ndiye mshauri mkuu wa serikali katika sheria. Wa pili ni Tume ya Huduma kwa Walimu, yaani TSC, ambayo ni tume huru iliyoundwa na kifungu cha 237 na ina mawakili wake yenyewe. Wa tatu ni serikali ya kaunti, ambayo tangu 2020 ina sheria mahususi kuhusu afisi ya wakili wa kaunti; na kwa kuwa Katiba imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea, wakili huyo hushughulikia mikataba ya walimu wa chekechea, ilhali mwalimu wa shule ya msingi au sekondari ya umma ni wa TSC.

Wengi hudhani kwamba kazi hii ni kusimama mahakamani kila siku. Ukweli ni kwamba saa nyingi hupita katika kusoma rasimu. Kanuni ikiandikwa kwamba mwalimu "anaweza" kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa, afisa mwenye haraka atalishika neno hilo na kupita. Ikiandikwa kwamba "sharti" asikilizwe, hana pa kupitia. Nimewahi kushinda asubuhi nzima nikibishana juu ya neno moja kama hilo, na sioni kwamba nilipoteza wakati, maana nyuma ya neno hilo mna riziki ya mtu na usalama wa watoto.

Swali: Shuleni kwetu, kisiwa cha Pate, wazazi tunachanga kumlipa kijana aliyemaliza kidato cha nne ili afundishe hisabati. Je, tunavunja sheria?

Ndiyo, ingawa naielewa vyema shida iliyowafikisha hapo. Sheria ya TSC ya 2012, kifungu cha 23, inakataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa na tume, na haijali kama analipwa na serikali, na bodi ya shule au na wazazi. Usajili si karatasi ya kupamba ukuta. Ili mtu aingizwe katika daftari la walimu, huonyesha vyeti vya mafunzo yake na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na akikosa baadaye, jina lake laweza kufutwa lisionekane tena katika shule yoyote nchini. Kijana wenu huenda ana akili na moyo safi, lakini hajapitia mlango huo, na siku likitokea la kutokea hakuna daftari la kumfuta.

Bodi ya shule inaweza kuajiri mwalimu wa muda aliyesajiliwa, na wapo vijana wetu waliohitimu ambao bado wanangoja ajira ya serikali. Huyo wenu aende chuo cha ualimu, na mkiweza, mchango wenu wa sasa umsaidie karo.

Swali: Jina langu limeandikwa kwa namna tatu tofauti katika vyeti vyangu. Maombi yangu ya usajili yamerudishwa. Nifanyeje?

Tatizo hili limeenea sana pwani. Mwalimu mmoja aliniletea vyeti vyake ndani ya kasha dogo la mbao alilorithi kwa bibi yake, akavitandaza mkekani kimoja kimoja: cheti cha kuzaliwa kilisema Mwanaisha, kitambulisho kilisema Mwana Aisha kwa maneno mawili, na cheti cha chuo kilisema Aisha tu, kikifuatiwa na jina la babu badala ya la baba. Kwetu sote alikuwa mtu mmoja. Kwa karani wa Nairobi asiyejua majina ya Waswahili, alikuwa watu watatu.

Ikiwa tofauti ni ya herufi au mpangilio tu, kama Omar na Omari, au Fatma na Fatuma, mara nyingi hutosha kula kiapo cha maandishi mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ikiwa umeacha jina moja na kuchukua jingine, itakubidi uandikishe rasmi hati ya kubadilisha jina, nayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wazazi, tafadhali someni jina la mtoto herufi kwa herufi siku ya kumwandikisha mtihani.

Swali: Mwalimu hapa kijijini anadaiwa kumharibu msichana wa miaka kumi na minne. Wazee wamekaa, wanataka familia ilipwe na mwalimu ahamishwe. Sheria inasemaje?

Sheria inasema kwamba jambo hili si la wazee kulimaliza. Nawaheshimu wazee wetu, na nimewaona wakisuluhisha migogoro ya mipaka na ya ndoa kwa hekima ambayo mahakama ingeihusudu, lakini hapa hawana mamlaka. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 kuna kifungo kisichopungua miaka 20. Hata pale ambapo mwanafunzi ametimiza miaka 18, mwalimu anayetumia cheo chake kumshawishi hadi akalala naye anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Mzazi akipokea fedha, kesi haifi, kwa sababu uamuzi wa kuisimamisha si wake, ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Mpelekeni mtoto hospitali leo hii, kabla saa 72 hazijapita ikiwa bado zipo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hutolewa ndani ya muda huo. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungeni katika karatasi. Ripotini polisi, kisha afisi ya TSC ya kaunti, au pigeni simu ya watoto 116, ambayo haitozwi pesa. Mwalimu mwenzake anayejua na kunyamaza naye amekosa, kwani waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 unamtaka aripoti.

Hilo la kumhamisha ndilo linaloniuma zaidi. Kumhamisha mtu huyo ni kumpeleka kwa mabinti wa kijiji kingine ambao wazazi wao hawajaambiwa neno.

Swali: Nimesimamishwa kazi kwa tuhuma ya utoro, nami nilikuwa mgonjwa. Je, wewe unaweza kunitetea?

Maalim, siwezi, kwa kuwa ninayemwakilisha ni serikali. Nenda kwa chama chako cha walimu, KNUT au KUPPET, au kwa wakili wa binafsi. Hata hivyo, usidhani kwamba wakili wa serikali ni adui yako. Niliwahi kupewa jalada la mwalimu wa visiwani aliyefutwa kazi na taasisi moja ya umma. Barua ya kumwita kwenye kikao ilimfikia siku moja kabla ya kikao chenyewe, msimu wa kusi, bahari imechafuka na mashua hazitoki. Nilitakiwa kuutetea uamuzi huo. Niliandika ushauri kwamba hautetewi, kwa sababu kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 humpa kila mtu notisi ya kutosha, nafasi ya kujieleza na sababu za uamuzi kwa maandishi. Kikao kilirudiwa naye akasikilizwa.

Kwa hiyo jibu tuhuma kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa katika barua, ambatisha karatasi za hospitali zenye tarehe na muhuri, na ubaki na nakala. Ikiwa barua ilichelewa kukufikia, usiitupe bahasha. Muhuri wa posta ulio juu yake utasaidia kuonyesha siku ilipopitia posta.