Siku nne hospitalini, lakini Medicare haikilipi kituo cha uuguzi: kwa nini?

SWALI: Mama yangu ana miaka 78, tunaishi naye hapa Marekani, na ana Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali iliyo hasa kwa wazee, yaani Sehemu A (ya hospitali) na Sehemu B (ya madaktari na huduma za nje). Mwaka 2025 alianguka akapata ufa kwenye mfupa wa nyonga. Alikaa hospitalini siku nne, kisha akapelekwa moja kwa moja kwenye kituo cha uuguzi ili afanyishwe mazoezi ya kutembea. Sasa kituo kinatudai gharama zote za wiki tatu, kwa maelezo kwamba mama "hakulazwa". Alikuwa wodini, juu ya kitanda, na utepe wa hospitali mkononi. Inawezekanaje?

JIBU: Poleni sana, na mama apone upesi. Jambo lililowapata linawezekana kwa sababu Medicare haitazami kitanda alichokilalia mgonjwa, bali agizo ambalo daktari aliliandika kwenye faili lake. Mgonjwa anaweza kukaa wodini siku kadhaa, akapimwa, akapewa dawa na chakula, huku kwenye karatasi akihesabiwa kuwa mgonjwa wa nje aliye chini ya uangalizi, yaani mtu ambaye madaktari bado wanamchunguza ili waamue kama alazwe au arudi nyumbani. Tangu Oktoba 2013, mwongozo wa jumla ni kwamba daktari amlaze rasmi mgonjwa anayetarajiwa kuhitaji huduma ya hospitali kwa muda unaovuka saa sita usiku mara mbili. Hata hivyo uamuzi hubaki mikononi mwa daktari na hospitali, na ndiyo maana familia nyingi hugundua hali halisi wakati ankara imekwisha kufika.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu Sehemu A hulipia kituo cha uuguzi ikiwa tu mgonjwa amelazwa rasmi kwa siku tatu mfululizo, ambazo siku ya kulazwa huhesabiwa na siku ya kuruhusiwa haihesabiwi, na saa za uangalizi hazimo kabisa. Anapotimiza sharti hilo, akaingia kituoni ndani ya siku 30 na akawa anahitaji kila siku huduma ya wauguzi au wataalamu wa mazoezi ya viungo, siku 20 za kwanza hazimgharimu chochote. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 alichangia dola 209.50 kwa siku katika mwaka 2025, na baada ya hapo Medicare hailipi tena. Bila kutimiza sharti hilo, familia huachiwa ankara yote tangu siku ya kwanza. Ninaona sharti hili linawaumiza wazee wasio na kosa lolote, lakini ndiyo sheria iliyopo, na inatupasa kuishughulikia jinsi ilivyo.

Hatua ya kwanza ni kuiomba hospitali faili lote la mama na kutafuta maagizo ya kulazwa pamoja na tarehe zake. Ikiwa tangu mwanzo hadi mwisho aliandikwa kuwa chini ya uangalizi, njia ya kupinga ni nyembamba. Lakini ikiwa alilazwa rasmi kwanza, kisha hospitali ikabadilisha hadhi yake kuwa uangalizi kabla hajatoka, hali ni tofauti: mwaka 2020 mahakama ya shirikisho huko Connecticut iliamua kwamba wagonjwa wa namna hiyo wana haki ya kukata rufaa, na utaratibu wa rufaa hizo ulianza kutumika mwaka 2025. Haki hiyo inawahusu wenye Medicare ya kawaida, kama mama. Kwa hiyo someni faili ukurasa kwa ukurasa. Neno moja katika agizo la siku ya kwanza linaweza kubadilisha deni lote.

Angalieni pia kama mama alipewa taarifa ya maandishi inayoitwa MOON, inayomjulisha mgonjwa kwamba yuko chini ya uangalizi na hajalazwa rasmi. Mgonjwa akipokea huduma ya uangalizi kwa zaidi ya saa 24, hospitali inapaswa kumpa taarifa hiyo kabla saa 36 hazijapita, imweleze kwa mdomo maana yake, na yeye au mwakilishi wake atie saini. Kutia saini ni kukiri kuipokea tu, si kukubali uamuzi. Mzee asiyeelewa Kiingereza vizuri ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo, nami nawasihi sana muidai haki hiyo, kwa maana mtoto anayetafsiri huku ana hofu juu ya mama yake hukosa mambo mengi.

Msiilipe ankara hiyo kwa haraka. Kila jimbo lina mpango wa ushauri wa bure kuhusu Medicare, unaojulikana kama SHIP, na washauri wake husaidia kuandika rufaa na kuangalia kama kipato cha mama kinamruhusu kupata Medicaid, bima ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo, ambayo huweza kulipia kituo cha uuguzi mahali ambapo Medicare hailipi. Barua ya kukataliwa huonyesha siku ya mwisho ya kukata rufaa, basi anzeni na tarehe hiyo. Na akirudishwa hospitalini, mwulizeni daktari kila asubuhi: "Leo amelazwa rasmi, au yuko chini ya uangalizi?" Akiwa bado kitandani, daktari anaweza kulibadilisha agizo, akishatoka, hawezi tena.