Kumtafuta Babu Fundi kwa Mipaka ya Kiwanja Chake

Nilipoanza kumtafuta baba wa babu yangu, nilikuwa na mambo matatu tu mbali na jina lake: kwamba alikuwa seremala, kwamba aliishi Mombasa wakati Waingereza walipokuwa wakijenga reli ya kwenda Uganda, na kwamba alikuwa na nyumba Mji wa Kale, karibu na msikiti. Misikiti ya Mji wa Kale ni mingi, na maelezo hayo yangeweza kufaa nyumba mia. Jina lake tulikuwa nalo, na kwa sababu tulikuwa nalo nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Nililifuata jina hilo kutoka daftari hadi daftari kwa karibu miaka miwili, nikarudi na watu wanne mbalimbali, wote wenye jina moja na wote mafundi. Nilichokuja kukielewa baadaye, na ndicho ninachotaka kumpa msomaji anayeanza kazi kama hii, ni kwamba fundi wa zama za ukoloni katika pwani yetu hutafutwa kwanza kwa kiwanja chake, kisha jina ndilo huja kuthibitisha kilichopatikana.

Sababu iko katika namna majina yalivyoandikwa. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, na akiwa na ufundi, kazi yenyewe iligeuka kuwa jina, hata mtu mmoja akaweza kuwa Juma bin Hamisi mbele ya kadhi, Fundi Juma katika daftari la mwajiri, na Juma Seremala katika risiti ya mfanyabiashara aliyemuuzia mbao. Makarani wa serikali waliandika walichosikia, ndiyo maana Hamisi, Hamis na Khamis huonekana katika jalada moja, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ziwe za Kiarabu au za Kiswahili, zina ugumu wake, kwa kuwa waandishi wengi wa zamani walitumia herufi ya b kwa sauti ya p vilevile, na ya f kwa sauti ya v, na hivyo Mvita yenyewe, jina la kale la Mombasa, humfikia msomaji asiyezoea kama Mfita. Ukimtegemea mtafsiri, mwombe akuandikie majina herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye karatasi kabla hajayasoma kwa makisio yake. Mimi sikufanya hivyo mwanzoni, na mmoja wa wale watu wanne nilimpata kwa kosa hilo.

Kiwanja hakigeuki namna hiyo. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya enzi ya Sultani wa Unguja hata baada ya Waingereza kutangaza himaya yao mwaka 1895, na hata sehemu nyingine za Kenya zilipofanywa koloni mwaka 1920 ukanda huo ulibaki himaya mpaka 1963. Ndiyo maana ardhi ya pwani ina historia yake ya hati, tofauti na ya bara. Mwaka 1908 serikali ilitunga Sheria ya Hatimiliki za Ardhi, ikawataka wenye ardhi wa pwani wapeleke madai yao mbele ya Msajili wa Hatimiliki, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali. Wako waliopoteza mashamba ya wazee wao kwa sababu tangazo halikuwafikia au kwa sababu hawakuona kwa nini mtu adai kilicho chake, na machungu hayo hayajaisha mpaka leo. Kwa mtafutaji wa nasaba, hata hivyo, madai hayo ni hazina, kwa kuwa mdai alitakiwa kueleza amekipataje kiwanja: amenunua kwa nani, amerithi kwa nani, mashahidi wake ni akina nani.

Namba ya kiwanja niliipata kwa njia ambayo sikuitarajia, kwenye risiti ya kodi ya manispaa iliyohifadhiwa na familia jirani, ikiwa imekunjwa ndani ya msahafu. Kiwanja chao kilipakana na kile nilichokuwa nikikitafuta. Kwa hiyo waulize wazee wa mtaa, si wa ukoo wako tu, kama wana karatasi yoyote yenye namba ya kiwanja pamoja na ile namba ya kitalu inayoandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Ukiipata, nenda kinyumenyume: anza na mmiliki wa sasa, uone hati yake inataja hati gani iliyotangulia, kisha uifuate hiyo mpaka ile inayoitangulia. Omba nakala iliyothibitishwa ya kila hatua, hata ile inayoonekana haina jipya. Katika ofisi moja niliambiwa mara mbili kwamba kitabu ninachokitaka hakipo, na mara ya tatu karani mwingine akakitoa kwenye rafu iliyokuwa nyuma yangu. Sikumlaumu mtu. Nilijifunza kuandika ombi langu kwa namba na mwaka, badala ya kusimulia habari za babu.

Hati ya zamani kuliko zote niliyoipata haina ramani. Inaeleza nyumba kwa mipaka minne: upande wa kibla nyumba ya mshona kofia, suheli, yaani kusini, njia ya kwendea kisimani, matlai, yaani mashariki, kiwanja kitupu cha mjane, na magharibi ukuta wa ndugu wa muuzaji. Mombasa na Makka ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo kibla katika hati hizi ndiyo kaskazini. Usiipuuze orodha hiyo ya majirani kwa kuona kwamba si jamaa zako. Mimi nilichora miraba mitano kwenye karatasi, wa kati ukiwa wa babu, nikaanza kuzitafuta hati za wale wanne, na katika hati ya mshona kofia nikakuta upande wake wa suheli umeandikwa: "nyumba ya Fundi, seremala," likafuata jina la baba yake na la babu yake, ambalo sisi hatukuwa nalo kabisa. Jirani alikuwa ametuhifadhia kizazi kizima. Tangu siku hiyo, nikimsikia mtu akisema hati za mzee wake zimepotea, humuuliza kwanza kama amesoma za majirani.

Yapo mambo mawili katika hati za pwani yanayoweza kukupoteza, na yote mawili yalinipoteza. La kwanza ni kwamba nyumba na ardhi iliyo chini yake huweza kuwa na wenyewe wawili. Mafundi wengi, hasa waliohamia mtaa wa Majengo, walijenga nyumba zao juu ya kiwanja cha mtu mwingine na kumlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi, wakaiuza nyumba, wakairithisha, wakaiweka rahani, bila majina yao kuingia hata mara moja katika hatimiliki ya ardhi. Usipomwona mzee wako kwenye hatimiliki, usikate shauri kwamba hakuwa na mali. Tafuta hati za mauzo ya nyumba na za rahani zilizosajiliwa peke yake, na uangalie pia kumbukumbu za wakfu, kwa sababu nyumba iliyowekwa wakfu hutoka katika mkondo wa kununuliwa na kuuzwa, na alama zake katika daftari za mauzo hukatika ghafla.

La pili ni bei ya khiyari. Nilikuta hati ya mwaka 1330 wa Hijria, ambao ulianza Desemba 1911, ikisema babu ameiuza nyumba yake kwa mfanyabiashara mmoja kwa rupia mia nne. Nilisikitika sana, nikaandika katika kumbukumbu zangu kwamba nyumba ilitoka mikononi mwetu mwaka 1912, na nikaacha kuitafuta kuanzia hapo. Mwaka mzima baadaye, mzee mmoja aliyezoea karatasi hizi alinisomea neno ambalo mtafsiri wangu wa kwanza alilivuka, kwamba mauzo ni kwa khiyari ya miaka miwili. Maana yake ni kwamba hayakuwa mauzo kama tunavyoyajua. Riba ni haramu, na mtu aliyehitaji fedha aliiuza mali yake kwa sharti kwamba akirudisha kiasi kilekile ndani ya muda uliokubaliwa, mali inarudi kwake, na katika muda huo aliendelea kukaa humo akimlipa mnunuzi kodi, ambayo kwa hakika ndiyo iliyokuwa faida ya mkopo. Babu alikopa. Nadhani alihitaji fedha za mbao, ingawa hati haisemi, na nyumba aliirudisha, kwa kuwa ilikuwemo katika mirathi yake. Kwa hiyo ukikuta hati ya mauzo, tafuta neno khiyari kabla ya kuamini kwamba nyumba imekwenda.

Kuhusu tarehe sitasema mengi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa takriban siku kumi na moja, siku yake huanza magharibi jua linapotua, na baadhi ya waandishi walitaja miezi kwa hesabu ya Kiswahili, kwamba Mfunguo Mosi ndio Shawwal na Mfunguo Sita ndio mwezi wa Maulidi. Andika tarehe kama ilivyo kwenye hati, kisha uigeuze pembeni, ili ukikosea kugeuza usiwe umeiharibu ile ya asili. Fanya hivyohivyo kwa fedha: rupia ziliondolewa katika miaka ya 1920 na 1921, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na bei za kabla na baada haziwezi kulinganishwa bila kujua hilo.

Nje ya ofisi za ardhi, mahali paliponifaa zaidi ni Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, ambako majalada ya utawala wa Mkoa wa Pwani yamehifadhiwa, na Gazeti Rasmi la serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899 na ambalo matoleo yake mengi ya zamani husomeka kwenye intaneti. Gazeti hilo lilitoa matangazo ya ardhi na ya mali za marehemu. Kama mzee wako alikuwa fundi aliyesomea kazi Freretown au Rabai, vituo vya misheni karibu na Mombasa, vitabu vya ubatizo na ndoa vya misheni vinaweza kukupa mengi, na kumbukumbu za Church Missionary Society, iliyoanzisha Freretown mwaka 1875, zimehifadhiwa Birmingham, Uingereza. Wa kwetu hakupitia huko, kwa hiyo sina la kuongeza.

Lipo jambo ambalo ningependa mtu angeniandaa kwalo. Katika hati moja, baada ya jina la babu, yaliandikwa maneno mawili, "huru wa," yaani mtumwa aliyeachwa huru na, kisha jina la mtu mwingine. Nyumbani tulilelewa tukiambiwa asili yake ni Pate. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na kabla ya hapo mafundi wengi wa mijini walikuwa watumwa waliofanya kazi kwa ujira na kugawana ujira huo na mabwana zao. Babu alikuwa mmojawapo, na ufundi wake ndio uliomnunulia kiwanja. Nilikaa na karatasi hiyo miezi mitatu bila kumwonyesha mtu. Ushauri wangu ni kwamba usiitangaze habari kama hiyo katika kundi la simu la ukoo. Mwendee mkubwa wa familia, mketi wawili, msomee hati nzima, na umwache yeye aamue nani aambiwe na lini. Mimi nilimwendea shangazi yangu, na alilijua neno hilo tangu utotoni.

Jalada la mirathi ndilo nililolisoma mwisho, na ningekuwa ninaanza leo ningelisoma mapema zaidi, kwa kuwa faraidhi, yaani mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu, ni hesabu inayoweza kurudishwa nyuma. Ukurasa wa mgawanyo ulikuwa umechanika chini, na zilizobaki zilikuwa fungu tatu: mjane mmoja sehemu moja ya kumi na sita, binti mmoja thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na mwana mmoja robo. Wajane wa marehemu mwenye watoto hugawana thumuni kwa pamoja, kwa hiyo nusu ya thumuni ilimaanisha kwamba wajane walikuwa wawili. Hakuna mzazi aliyekuwa hai, kwa maana mzazi angechukua sudusi, yaani sehemu moja ya sita, na hesabu isingetimia. Zilibaki thumuni saba za watoto, mwana akichukua mara mbili ya binti, na familia ilikuwa na hakika kwamba wana walikuwa wawili tu. Basi mabinti walikuwa watatu, nasi tulikuwa tukiwajua wawili.

Nilirudi kwa shangazi na karatasi yangu ya hesabu. Aliiangalia kwa muda, kisha akaniambia kwamba alipokuwa mdogo, kila Mfunguo Sita alikuja mgeni wa kike kutoka Lamu, akalala chumba cha nyuma kwa siku saba, na watoto waliamrishwa wamwite shangazi bila kuelezwa kwa nini. Jina lake alilikumbuka. Sasa ninatafuta kiwanja cha Lamu, na nimeanza kwa kuuliza majirani.