Maswali na majibu: Jino la nyangumi lenye nakshi

*Nimenunua mnadani Boston jino lenye picha ya meli na maandishi "Susan, 1829". Ni halisi?*

Ndugu yangu, kila mara naulizwa hili. Umeuziwa plastiki, nina hakika karibu yote. Baharia Frederick Myrick alichora meno ndani ya Susan, meli ya kuvua nyangumi ya Nantucket, Marekani, mwaka 1828 na 1829, akatia jina lake na tarehe. Wenzake wengi hawakutia sahihi, ndiyo maana viwanda vikapenda kunakili ya kwake. Mwaka huo unaouona ushahidi ndio unaonitia shaka mimi. Shika lenzi. Kwenye jino halisi mistari ni mikato ya ncha kali, mingine imezama kuliko mingine. Kwenye plastiki iliyomiminwa, kingo zimelala na huenda ukaona viputo vya hewa.

*Nilichome kwa sindano ya moto nijue?*

Usithubutu. Likiwa halisi, umeshalitia kovu.

*Mabaharia walichora kwa kutumia nini?*

Kisu au sindano ya kushonea matanga, kisha masizi yanasuguliwa kwenye mikato. Mabibi wenye magauni mapana waliochorwa kwenye meno, msidhani walionekana baharini: wengi walitoka magazetini. Baharia alibandika picha juu ya jino, akadunga vitobo kufuata mistari, akaviunganisha.

*Babu alipewa jino na Wamarekani waliotia nanga Unguja. Halina picha. Nitafute fundi alichore lipande bei?*

Kisa kinawezekana. Meli zao za kuvua nyangumi zilipita Unguja karne ya 19, na Marekani ilikuwa na balozi mdogo huko tangu 1837. Lakini kisa cha ukoo si cheti. Na hilo la fundi, bibie, ni ughushi mtupu, nalo hugundulika: jino kuukuu lina nyufa, na wino wa leo hupenya ndani ya nyufa hizo. Liache lilivyo.

*Naweza kulituma Mombasa kama zawadi?*

Nyangumi mwenye meno haya, yule wa ambari, yumo Kiambatisho cha Kwanza, orodha kali kuliko zote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Jino lake halivuki mpaka bila vibali, liwe la kale namna gani, na Marekani ina sheria yake ya mamalia wa baharini tangu 1972. Muuzaji atakayekwambia "vya zamani havina shida" hutamwona forodhani.

*Nilisafishe kwa limau?*

Hapana. Wala siki, wala Jik. Kitambaa kikavu, na uliondoe dirishani juani.