Mwanasaikolojia wa usonji humpimaje mtoto?

Dada wa Kisauni, umeuliza kama mwanao wa miaka mitatu, ambaye bado hajasema neno, apelekwe kwa mwanasaikolojia wa usonji au angojewe kwa kuwa "wavulana huchelewa". Nakusihi usingoje. Usonji (autism), yaani hali ya ukuaji inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, hautambuliwi kwa kipimo cha damu wala kwa picha ya ubongo. Mtaalamu huketi sakafuni na mtoto, akapuliza mapovu ya sabuni, kisha akatulia kimya aone kama mtoto atamtazama machoni kumwomba apulize tena, au ataushika mkono wake na kuusukuma kwenye kichupa bila kumwangalia usoni. Tofauti hiyo ndogo humwambia mengi, ingawa peke yake haitoshi.

Nawe utaulizwa kwa kirefu: je, huitika akiitwa jina, huonyesha vitu kwa kidole, au alikuwa na maneno kisha yakapotea? Masikio yapimwe pia, kwani mtoto asiyesikia vizuri huweza kuonekana vivyo hivyo.

Hao wanaokwambia ni jini, au kwamba hukumpakata vya kutosha, usiwasikilize. Dhana ya kuwalaumu akina mama kwa ubaridi ilivuma sana miaka ya 1950 na 1960, ikawaumiza wazazi wengi bure, na wataalamu wameshaikataa.

Siku ya kwenda, beba video fupi ulizomrekodi kwa simu akicheza nyumbani, kwa sababu mtoto aliyechoshwa na matatu na foleni huenda asijionyeshe alivyo.